Core i5 ya Mwaka Gani? Kuisoma na Kuitibu Kompyuta ya Mezani ya Mitumba

Kompyuta ya mezani ya mitumba inayouzwa Luthuli Avenue, River Road au kwenye vibanda vya ghorofani vya Moi Avenue jijini Nairobi huja na maneno matatu: ex-UK, Core i5, safi. La kwanza linasema ilikotoka, na mara nyingi ni kweli, kwani ofisi za huko hubadilisha mashine zao baada ya miaka michache na za zamani husafirishwa. La tatu ni maoni ya muuzaji. La katikati ndilo linalowaliza wanunuzi, kwa sababu Intel imelitumia jina Core i5 tangu 2009. Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya i5-650, iliyotoka mwanzoni mwa 2010, ina viini (sehemu zinazofanya kazi sambamba) viwili. Ile ya i5-8400 ya 2017 ina sita. Zote ni Core i5, na aliyekuuzia yoyote kati ya hizo hajasema uongo.

Mashine kama hii haifai kubahatishwa. Vipande vyake vimechapwa namba, na kila inapowashwa hufuata utaratibu uleule. Anayezijua namba hizo na utaratibu huo humfikia fundi akiwa na swali mahususi. Asiyejua hufika na mzigo mgongoni, na jibu analopewa mara nyingi ni moja: bodi, ule ubao unaounganisha vipande vyote, imekufa, ongeza pesa kidogo uchukue nyingine.

Namba za kusoma kabla ya kulipa

Tuanze na prosesa. Kuanzia kizazi cha pili, kilichotoka 2011, hadi cha tisa, namba ya prosesa za Intel za Core ina tarakimu nne, na ya kwanza ndiyo kizazi chenyewe. i5-2400 ni ya pili, i5-3470 ya tatu, i5-4570 ya nne, i5-6500 ya sita. Ukitajiwa tarakimu tatu tu, kama 650 au 750, hiyo ni ya kizazi cha kwanza. Kizazi cha tano karibu hakionekani kwenye kompyuta za mezani za ofisini, kwa hiyo usihangaike kukitafuta. Na ukikuta Core 2 Duo, umerudi nyuma zaidi: ukoo huo ulianza 2006.

Herufi iliyo mwishoni mwa namba nayo ina uzito wake. Prosesa ya i5-3470 ina viini vinne, lakini i5-3470T ina viwili, kwani T ni ya zile zilizopunguzwa ili zitumie umeme kidogo. Hizi hupatikana sana kwenye vikasha vile vidogo vinavyopendeza machoni, vinavyoweza kufichwa nyuma ya monita. Udogo wa kasha una bei yake, na muuzaji hatakutajia.

Jina la kasha husaidia kukisia. Dell OptiPlex 790 na 990 ni za kizazi cha pili. 7010 na 9010 za tatu. 9020 ya nne. 7040 ya sita. Kwa HP, Compaq 8200 Elite ni ya pili, 8300 Elite ya tatu, EliteDesk 800 G1 ya nne na G2 ya sita. Nimesema kukisia kwa sababu kasha la 7010 hupokea pia prosesa ya kizazi cha pili: soketi, yaani kikalio cha prosesa kwenye bodi, ni moja, LGA1155. Mtu anaweza kuichomoa ya tatu, akaweka ya pili, na kasha likabaki na jina lake la heshima. Kizazi cha nne hakiingii humo kabisa kwa sababu soketi yake ni LGA1150. Juu ya hayo, Dell ilirudi kulitumia jina OptiPlex 7010 mwaka 2023 kwa mashine mpya kabisa, kwa hiyo anayetafuta vipuri vya 7010 mtandaoni lazima atazame picha kabla ya kuagiza.

Dell hubandika kwenye kasha namba iitwayo Service Tag, yenye herufi na tarakimu saba. Ukiiandika kwenye tovuti ya kampuni hiyo, unaonyeshwa mashine ilivyokuwa ilipotoka kiwandani: prosesa, RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi), diski, hata mwaka iliposafirishwa. Ni taarifa nzuri, ila ni ya siku ya kuzaliwa. Kabla ya kufika kwenye meza ya duka la River Road, mashine hiyo imepita mikono mingi, na si ajabu RAM yake leo iko ndani ya nyingine iliyouzwa wiki iliyopita. Ndiyo maana mazungumzo ya dukani yanafaa kwenda hivi:

"Fundi, hii ni ya kizazi cha ngapi?"

"Hii ni i5, boss. Iko sawa kabisa."

"Sawa. Naomba uiwashe tuingie kwenye BIOS."

BIOS ni programu iliyo ndani ya bodi kuu, inayoamka kabla ya Windows. Kwenye Dell unaifungua kwa kubofyabofya F2 mara tu mashine inapowaka, kwenye HP ni F10, na kwenye Lenovo ThinkCentre ni F1. Hapo utaona prosesa iliyomo sasa hivi, kiasi cha RAM na diski iliyochomekwa. Kuna faida ya pili: mashine nyingi za ofisini hufungwa BIOS kwa nywila na watu wa kitengo cha teknolojia, na nywila hiyo hubaki hata baada ya kampuni kuiuza. Ukiikuta, usilipe kwanza. Kwenye OptiPlex nyingi za zamani nywila huondolewa kwa kuchomoa jampa (kofia ndogo inayounganisha pini mbili) iliyoandikwa PSWD kwenye bodi, na muuzaji anaweza kuifanya kazi hiyo mbele yako. Akikataa, pita duka la pili.

Ndani ya kasha

Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili chaji iliyobaki iishe. Makasha ya OptiPlex na ya HP Elite yalitengenezwa yafunguke bila bisibisi: kuna kitasa au kibano pembeni. Ndani, sehemu unazoruhusiwa kushika na kuvuta zimetiwa rangi, buluu kwa Dell na kijani kwa HP. Ni adabu nzuri kutoka kwa watengenezaji. Fuata rangi hizo na hutavunja kitu.

Prosesa hutaiona, iko chini ya chuma chenye mapezi na feni. Iache hapo. Kebo nyembamba bapa, mara nyingi nyekundu, buluu au nyeusi, ni za SATA na huenda kwenye diski na kisomaji cha DVD. Ukikuta utepe mpana wa kijivu wenye pini 40, huo ni wa IDE, na mashine yako ni ya zamani kuliko ulivyoambiwa.

RAM inastahili muda zaidi, kwani hapo ndipo watu hununua kitu kisichoingia au kisichofanya kazi. Vijiti vya DDR2 na DDR3 vina urefu mmoja na pini 240 kila kimoja, hivyo kwa macho ni pacha. Tofauti ni mahali lilipo pengo dogo kwenye ukingo wenye dhahabu, na volti: DDR2 hutumia 1.8, DDR3 hutumia 1.5. Pengo hilo limewekwa makusudi ili kijiti cha aina moja kisikae kwenye nafasi ya nyingine. Kikikataa kuingia, usikisukume kwa nguvu, hakikosei. DDR4 ina pini 288 na volti 1.2, na huanza kuonekana kwenye mashine za kizazi cha sita.

Sasa soma karatasi iliyobandikwa kwenye kijiti. Utakuta kitu kama 4GB 2Rx8 PC3-12800U. PC3 maana yake DDR3. Namba 12800 ni megabaiti zinazoweza kupita kwa sekunde, na ndiyo RAM ambayo dukani huitwa ya 1600. Ile iliyoandikwa 10600 ndiyo ya 1333. Ukichanganya hizi mbili zitafanya kazi pamoja kwa mwendo wa ile ya polepole, hakuna ubaya mkubwa. Herufi ya mwisho ndiyo yenye mtego. U ni ya kompyuta za mezani. S ni fupi, ya laptopu na vile vikasha vidogo nilivyovitaja. R ni ya seva, ina urefu sawa na ya mezani, inaingia vizuri kwenye nafasi yake, na mashine haitawaka nayo. RAM ya R huuzwa bei rahisi ajabu, na sababu ndiyo hiyo. Ukiona PC3L badala ya PC3, hiyo hukubali volti 1.35 na pia 1.5, kwa hiyo itumie bila wasiwasi.

Kuna jambo moja linalofanana na wizi wa RAM lakini si wizi. Umeweka 8GB, BIOS inaona 8GB, lakini Windows inakwambia inatumia tatu na ushee. Hiyo ni Windows ya biti 32, ambayo haiwezi kufika mbali zaidi ya 4GB. Dawa ni kuweka Windows ya biti 64 upya. Hakuna kijiti kibovu hapo.

Utaratibu wa kuamka

Mashine iliyochomekwa ukutani haijazimika kabisa. Pawa saplai, lile sanduku la chuma lililo nyuma ya kasha, hutoa volti 5 za akiba muda wote ili kitufe cha mbele kiwe na cha kuamsha. Ukikibonyeza, pawa saplai huwasha volti zake kuu, yaani 12, 5 na 3.3, na zikitulia huipa bodi ishara kwamba umeme ni mzuri. Prosesa huamka na kuanza kusoma BIOS. BIOS nayo hufanya kama mwalimu wa zamu na daftari la mahudhurio: huita RAM, huita kadi ya picha, huita kibodi, huita diski. Kila anayeitikia anawekewa alama. Asiyeitika husimamisha kazi, na mwalimu hulalamika kwa njia aliyonayo wakati huo. Kama picha bado haijapatikana, hana njia ya kukuandikia kwenye skrini, hivyo hutumia milio au taa.

Hii ndiyo sababu swali la kwanza la fundi mzuri ni, "Inafika wapi?" Maneno "haiwaki" hayamsaidii. Kuna mashine isiyotoa hata mlio wa feni, kuna inayozungusha feni skrini ikiwa nyeusi, kuna inayoonyesha nembo ya Dell kisha ikakwama, na kuna inayofika Windows ikazimika. Hayo ni magonjwa manne, na kila moja lina mahali pake kwenye mpangilio huo.

Kimya kabisa

Hapa mshukiwa ni umeme. Jaribu soketi nyingine na waya mwingine, kisha tazama nyuma kama pawa saplai ina swichi yake. Baadhi ya za zamani zina pia kiswichi chekundu cha kuchagua 115 au 230. Stima yetu ni volti 240, kwa hiyo lazima kiwe upande wa 230. Kikiwa kwenye 115 na mashine ikachomekwa, utasikia mlipuko mdogo na kunusa kilichoungua. Nyingi za miaka ya karibuni zimeandikwa 100-240V na hujirekebisha zenyewe.

Kwenye OptiPlex nyingi kuna kitufe kidogo na taa ya kijani nyuma ya pawa saplai, hasa kwenye makasha membamba. Kibonyeze: taa ikiwaka, sanduku lina uhai. Kwa pawa saplai ya kawaida yenye plagi ya pini 24, mafundi huichomoa kwenye bodi, wakaunganisha waya wa kijani na mmoja mweusi kwa kipande cha waya ili ijiwashe yenyewe, kisha wakapima kwa multimita, kile kipimo cha umeme: manjano 12, nyekundu 5, rangi ya chungwa 3.3, na haifai kupotoka zaidi ya asilimia 5. Usifanye hivyo kwa Dell 9020 wala kwa HP za plagi ndogo. Ile ya kwanza ina plagi ya pini 8 na HP nyingi za ofisini zina ya pini 6, zimepangwa kwa namna yao. Kwa sababu hiyo pia, pawa saplai ya kawaida ya dukani haiingii humo bila adapta maalumu. Ni usumbufu ambao nisingeusamehe kama ningekuwa nanunua mashine ya kukaa nayo miaka mingi.

Na pawa saplai yenyewe usiifungue. Kapasita zake, vipande vinavyohifadhi chaji, hushika zaidi ya volti 300 hata baada ya waya kuchomolewa. Badilisha zima.

Feni inazunguka, skrini ni nyeusi

Kabla ya kushika chochote ndani, fuata kebo ya monita kwa mkono hadi inapoingia. Kama mashine imeongezewa kadi ya picha, picha hutoka kwenye kadi hiyo, na matundu ya bodi mara nyingi huzimwa. Mtu akichomeka kebo ya VGA kwenye tundu la bodi atangoja hadi kesho. Mashine hizi za ofisini aghalabu hazina HDMI. Zina VGA na DisplayPort. Ukitaka kutumia runinga kama monita utahitaji kebo ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI, na kebo hizo nyingi husafirisha picha upande mmoja tu. Iliyotengenezwa kutoka HDMI kwenda DisplayPort haitafanya kazi hapa hata ikiingia vizuri.

Baada ya hapo ni RAM, na kwa maoni yangu hapa ndipo "bodi imekufa" nyingi hupona. Mashine imesafiri kwenye kontena, ikapandishwa na kushushwa, vumbi likaingia, na vijiti vikalegea au dhahabu yake ikashika uchafu. Vitoe vyote, sugua ule ukingo wa dhahabu kwa raba safi ya kufutia penseli, pangusa, kisha rudisha kimoja tu kwenye nafasi ya kwanza hadi vibano vya pembeni vilie. Washa. Kikikataa, jaribu kingine, halafu nafasi nyingine. Kwa njia hiyo unajua kama kibovu ni kijiti au ni nafasi yake.

Taa zitakusaidia. Kwenye HP za enzi ya 6000, 8000 na 8200, taa ya kitufe humetameta nyekundu kwa hesabu, ikapumzika, ikarudia, na spika ya ndani hulia pamoja nayo. Mara mbili ni joto la prosesa, mara nne ni pawa saplai, mara tano ni RAM, mara sita ni kadi ya picha, mara saba ni bodi. Kwa hiyo anayekwambia bodi imekufa wakati taa inahesabu tano, mwombe aanze na raba. OptiPlex nyingi za kabla ya 2011 zina taa nne mbele zenye namba 1 hadi 4, na mchanganyiko wa zinazowaka una maana iliyoelezwa kwenye mwongozo wa modeli hiyo.

Kama umekwisha fungua kasha, tupia jicho zile kapasita ndogo za silinda karibu na prosesa. Kichwa chake kinapaswa kuwa bapa. Kilichovimba au kutoa uchafu wa kahawia ni bodi iliyoelekea mwisho. Kasoro hii ilikuwa janga kwa mashine za mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2005 Dell yenyewe ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya OptiPlex zilizoathirika. Za kizazi cha pili kuja juu hupata tatizo hilo mara chache.

Betri ya duara na visa vyake

Kwenye bodi kuna betri ya duara, CR2032, ya volti 3, ileile ya vifaa vidogo vinavyouzwa kwenye supamaketi. Kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya BIOS wakati umeme haupo. Ikichoka, husababisha matatizo ambayo kwa macho hayana uhusiano wowote, na hapa ndipo wengi hupoteza pesa kwa kutibu dalili.

La kwanza ni la wazi: tarehe inarudi nyuma miaka mingi, na Dell inaandika kwamba saa haijawekwa na kukutaka ubonyeze F1 ili kuendelea. La pili linafichika. Mashine inaingia Windows vizuri, Wi-Fi ipo, lakini kivinjari kinadai kila tovuti si salama. Unafungua iTax tarehe 29 Juni ili kuwasilisha ritani ya kodi na ukurasa unakataa, Gmail inakataa, benki inakataa. Mtu analaumu intaneti. Tovuti hizi zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kwisha, na kompyuta inayoamini leo ni 2012 huviona vyeti hivyo kama vya wakati ambao haujafika. Rekebisha saa na zote zitafunguka.

La tatu ndilo baya. Betri ikiisha, BIOS hurudi kwenye mipangilio ya kiwandani. Mmoja wa mipangilio hiyo ni namna ya kuzungumza na diski: AHCI au RAID. Kama Windows iliwekwa mashine ikiwa kwenye AHCI, na ya kiwandani ni RAID, basi asubuhi moja utakutana na skrini ya buluu inayodai haioni diski ya kuanzia. Diski ni nzima, Windows ni nzima. Ingia BIOS, tafuta mpangilio wa SATA, urudishe ulivyokuwa. Fundi asiyejua hili atafuta kila kitu na kuweka Windows upya, na picha za harusi zitakuwa zimekwenda.

Kwa nini mashine iliyofanya kazi vizuri ilikotoka ianze visa hivi Nairobi? Kwa sababu inapokuwa imechomekwa ukutani zile volti 5 za akiba huibebea betri kazi. Ofisi ambayo haichomoi mashine zake haiwezi kugundua betri iliyochoka. Huku tunazima soketi ukutani kila jioni, na stima ikipotea nayo inapotea kwa mtaa mzima. Ipime kwa multimita, na ikiwa chini ya volti 2.7 au hivi, ibadilishe. Kabla ya kuitoa, piga picha kurasa za BIOS kwa simu.

Inafika Windows, lakini inachechemea

Polepole ya mashine hizi karibu kila mara ni diski. Diski ya sahani inayozunguka mara 7,200 kwa dakika huhitaji wastani wa milisekunde nne kungojea sahani ifike mahali pake, mbali na muda wa kichwa chenyewe kusogea, na Windows huomba vitu vidogo vidogo maelfu kwa wakati mmoja. SSD, yaani diski ya chipu, haina kinachozunguka. Hata kwenye bodi ya zamani yenye SATA ya kizazi cha pili, inayoishia megabaiti 300 kwa sekunde, tofauti utaiona siku hiyohiyo. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua SSD kabla ya RAM.

Kwa diski iliyopo, programu ya bure ya CrystalDiskInfo husoma kumbukumbu zake za afya. Mstari wa 09 ni saa ilizofanya kazi: mwaka mzima una saa 8,760, kwa hiyo ukikuta 40,000 hiyo imezunguka zaidi ya miaka minne na nusu bila kulala. Umri peke yake hauniogopeshi. Kinachoniogopesha ni mstari wa 05 na ule wa C5, yaani sehemu zilizokwisha kuharibika na kuhamishwa, na zile zinazosubiri hukumu. Zikiwa si sifuri na zinaongezeka, nakili mafaili yako leo.

Ile inayofanya kazi dakika kumi kisha ikazimika yenyewe ina joto. Mapezi ya chuma juu ya prosesa huziba vumbi, na ukikaa karibu na barabara inayojengwa hujaa upesi. Safisha kwa brashi laini na hewa, feni ikiwa imeshikwa isizunguke. Grisi iliyo kati ya chuma hicho na prosesa ikiwa imekauka kama chaki, ipanguse yote na uweke mpya, kiasi cha punje ya mchele.

Na kama stima yenu hukatika na kurudi kwa kurukaruka, kuna mpangilio kwenye BIOS uitwao AC Recovery kwa Dell, au After Power Loss kwa HP. Uweke kwenye hali ya kuzima, ili mashine isijiwashe yenyewe umeme ukiwa bado hautulii. Hauchukui nafasi ya UPS (betri ya akiba ya kompyuta), lakini haugharimu chochote.

Windows gani?

Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 kwa Intel inataka, kwa utaratibu rasmi, kizazi cha nane kuja juu pamoja na TPM 2.0, ambayo ni sehemu ya usalama ya mashine. Hilo linaziacha nje karibu mashine zote nilizozitaja. Mafundi wanajua njia za kukizunguka kizuizi hicho na mashine itaipokea, ila Microsoft haikuahidi masasisho kwa mashine ya namna hiyo. Kwa mtu anayefanyia benki kwenye kompyuta yake, mimi ningetafuta ya kizazi cha nane hata ikibidi kungoja.

Kwa mwanafunzi, au kwa anayehitaji kivinjari, kuandika na kuchapisha, Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, inatosha. Inahitaji RAM ya 2GB, nne zikiwa bora, na nafasi ya 20GB kwenye diski. Toleo lake la Xfce ndilo jepesi zaidi na ndilo ningeliweka kwenye mashine ya kizazi cha pili. Unaweza kuiendesha kutoka kwenye flashi bila kugusa diski: F12 kwenye Dell au Lenovo, F9 kwenye HP, kisha uchague flashi. Beba flashi hiyo unapokwenda kununua. Mashine ikienda vizuri kwa flashi lakini ikajikokota kwa Windows yake, tatizo liko kwenye diski au kwenye Windows yenyewe, na hapo unaweza kupunguziwa bei. Ikikwama hata kwa flashi, rudi kwenye RAM na joto. Fungua video, chomeka spika, jaribu kila tundu la USB, la mbele na la nyuma, halafu iache ikiendelea wakati mnapatana. Anayetegemea programu ya uhasibu ya Windows pekee hatafaidika na Mint, naye hana budi kuuliza swali la kizazi kabla ya swali la bei.